Nyumba za Wifi

Jumapili ile mchungaji alipofika kwenye shukrani, Mama Cherehani alikuwa ameshavuta gauni lake magotini, tayari kusimama. Usimcheke, hata wewe ungejiandaa. Kwa miaka tisa alikuwa katibu wa kamati ya makazi ya kanisa lile. Miaka tisa ya kugonga milango ya wapangaji na kuandika nani kapandishiwa kodi, nani katolewa vyombo nje, nani analala na watoto sita chumba kimoja. Miaka tisa ya kupeleka barua halmashauri na kuambiwa mhusika yuko kikaoni, njoo wiki ijayo. Viatu alivyovimaliza katika kazi hiyo vingejaza gunia. Leo halmashauri imekubali, uwanja wa nyuma ya kanisa umejengwa nyumba kumi na nane za kodi nafuu, mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho, na mchungaji amesimama mbele anasema yuko mwanamke mmoja humu ndani ambaye bila yeye tusingepata hata tofali moja.

Kisha akamwita wifi yake Mama Cherehani.

Wifi mtu, dada mdogo wa mumewe, akainuka benchi la tatu huku anajifuta macho na upande wa mtandio. Kanisa zima likapiga makofi. Mama Cherehani naye akapiga, maana angefanyaje, lakini mikono ilikuwa mizito. Jirani yake wa benchi akamwinamia na kumnong'oneza hongera, wifi yako katujengea nyumba. Hongera! Mtu anakutia chumvi kwenye kidonda halafu anangoja umwambie ahsante.

Niseme ukweli wote, usije ukadhani wifi alikuwa mtu mbaya. Hakuwa, na hilo ndilo lililokuwa likikera. Angekuwa na kiburi au mdomo mrefu, Mama Cherehani angepata pa kushika. Lakini alikuwa mpole, mchapakazi, anafua nguo za watu kuanzia alfajiri. Alifiwa na mume mwaka juzi, akabaki na watoto watatu, na tangu hapo alikuwa amehamishwa mara nne. Mwisho aliangukia stoo ya seremala, chumba cha nyuma ya karakana kilichokuwa cha kuwekea mbao. Kaka yake, fundi bomba, hakuwa na pa kumweka. Yeye na Mama Cherehani na watoto wao wawili walipanga vyumba viwili, na kimoja kilijaa vitambaa vya wateja mpaka dirishani.

Sasa hiyo siku ya halmashauri. Mama Cherehani alijiandaa wiki tatu. Aliandika kila kitu kwa mpangilio: familia ngapi, vyumba vingapi, watoto wangapi wameacha shule kwa sababu ya kuhamahama, na Maandiko mawili ya kufungia. Akasoma mbele ya madiwani kwa sauti ya katibu hasa. Diwani mmoja akasinzia. Mwingine akawa anachezea simu chini ya meza. Mchungaji alipoona jahazi linazama, akamgusa bega wifi, ambaye siku ile alikuwa ameletwa kujaza viti tu. Wifi akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema hivi:

"Binti yangu wa pili akisali humwelekeza Mungu njia ya kufika kwetu. Kila tukihama anaanza upya. Juzi kaniuliza kama Mungu hachoki kututafuta."

Akakaa. Yule diwani wa simu akaiweka simu mezani. Haikupita miezi miwili, kibali kikatoka.

Mama Cherehani naye alilia siku ile, tusimnyime haki yake. Ila alipofika nyumbani alijichukia kwa kulia. Mwenzangu, miaka tisa! Halafu mtu anasimama na sentensi tatu, hata daftari hana, na mji mzima unaanza kuziita zile nyumba "nyumba za wifi". Wateja wakija kupimwa magauni wanaulizia wifi. Mama mkwe akipita anaanza na habari za wifi. Mume akirudi kazini, hata hajavua buti, dada yangu hivi, dada yangu vile. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani, na kivuli akakikuta kimeshakaliwa.

Na nyumba yenyewe hakuwa nayo. Wajumbe wa kamati waliapa mbele ya kanisa kwamba wao watapangiwa mwisho kabisa, awamu ya tatu huko, Mungu akipenda. Kiapo hicho ni yeye aliyekipendekeza, enzi zile alipokuwa na moyo mweupe.

Kamati ilikuwa na utaratibu wake, na habari nzima imelala hapo, kwa hiyo sikiliza vizuri. Zamani mjumbe mmoja aliwahi kuwaandikia ndugu zake msaada wa chakula wasioustahili, kanisa likataka kugawanyika. Tangu siku hiyo hakuna familia inayoingia orodhani kwa neno la mtu mmoja. Wanakwenda wawili. Kila mmoja anajaza karatasi yake peke yake, hawaongei, wanakunja, wanatumbukiza kwenye sanduku. Kamati ikifungua na karatasi zikakubaliana, shauri limekwisha. Zikipishana, wanatumwa wawili wengine, na familia hiyo inarudi nyuma ya foleni. Foleni ilikuwa na familia sitini, na nyumba, nimeshasema, kumi na nane.

Swali la mwisho la karatasi lilikuwa hili: je, wana ndugu mwenye uwezo wa kuwapokea? Likijibiwa ndiyo, familia haipewi nyumba. Kanisa linakwenda kuzungumza na huyo ndugu atimize wajibu wake. Swali hilo nalo alilitunga Mama Cherehani. Mwaka mmoja alimwandikia hivyo binamu yake mwenyewe, akamkosesha nyumba ya muda, na ikaonekana ni haki tupu. Ndiyo maana, kura ya ziara ilipoangukia yeye na Mzee wa Posta kwenda stoo ya seremala, mchungaji alimuuliza mara moja tu kama haoni vibaya kumkagua wifi yake. Akajibu kwamba kazi ni kazi. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mzee wa Posta alikuwa shemasi, mstaafu wa kuchambua barua, mtu wa suti moja na adabu nyingi. Wakaenda Jumanne saa kumi jioni.

Wifi aliwapokea kwa shikamoo mbili na viti viwili, na cha tatu hakikuwepo. Stoo ilikuwa ndefu na nyembamba, dirisha moja limezibwa na boksi. Harufu ya vanishi ilikuwa inakaba. Mbao za seremala zilikuwa bado zimeegeshwa ukuta mmoja, na watoto wamekatazwa kuzigusa, maana zilishawahi kuanguka. Wanalala wanne kwenye godoro moja, kichwa kwa miguu. Maji wanachota bomba la karakana, kabla mafundi hawajafika. Na seremala alikuwa ameshasema mwisho wa mwezi anataka stoo yake. Mama Cherehani aliyaandika yote hayo, kwa mwandiko wake mzuri, na mpaka hapo kalamu yake ilikuwa safi.

Ndipo akainua macho akaiona rafu.

Ilikuwa rafu ya vyombo, mpya, ya mbao zilizopigwa randa, ngazi tatu, imepigiliwa ukutani sawasawa. Aliijua mikono iliyoipigilia. Mumewe huwa anazamisha misumari halafu anaziba tundu kwa unga wa mbao na gundi, hakuna mwingine mwenye ugonjwa huo. Miaka mitatu alikuwa akimwomba rafu kama ile, vyombo vyake viko ndani ya beseni chini ya kitanda, na mume anajibu muda sina, mke wangu, kazi zimenizidi. Jumamosi mbili zilizopita alichelewa kurudi. Alisema kuna bomba limepasuka.

Wifi aliona jicho lake lilipokwama. Akatabasamu, akasema kaka kawatendea wema sana. Kisha akaongeza, kwa furaha yake yote, kwamba Mungu akimpa ile nyumba, chumba cha mbele kitakuwa cha wifi kuwekea cherehani, apate kushona kwenye mwanga, vitambaa vimemjaa mno kule kwao.

Mwenye roho nyeupe angesikia upendo. Mama Cherehani alisikia anaonewa huruma. Yaani nyumba niipiganie mimi, upewe wewe, halafu unikaribishe sebuleni kwako kama maskini! Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa moto. Akainamia karatasi. Kwenye swali la mwisho, je, wana ndugu mwenye uwezo wa kuwapokea, akaandika: Wanaye.

Usidhani alikusudia kuwakosesha kabisa. Alishapiga hesabu zake kwenye ile njia fupi ya kutoka jicho hadi kalamu. Mzee wa Posta ataandika hawana, kwa sababu hawana kweli. Karatasi zitapishana. Wifi atarudi nyuma ya foleni, angoje awamu ya pili, aonje na yeye utamu wa kungoja. Baada ya hapo apewe tu, nani kamkataza. Akakunja, akampa mzee, kwa kuwa mzee aliishi jirani na kanisa na ndiye aliyekuwa akizifikisha karatasi sandukuni siku zote.

Jumamosi kamati ikakaa. Mchungaji akafungua karatasi za stoo ya seremala, akaisoma ya kwanza, akaisoma ya pili, akavua miwani. Akasema zimekubaliana. Zote zinasema familia ina ndugu wa kuipokea.

Mama Cherehani alihisi kiti kinamhama. Akamtazama Mzee wa Posta. Mzee alikuwa ametulia tuli, anaangalia kofia yake. Kabla hajapata la kusema, mchungaji akauliza kwa sauti ya chini kama huyo ndugu ndiye anayemdhania. Wajumbe wote wakamgeukia yeye. Maana ni nani mwingine? Wifi alikuwa na kaka mmoja tu duniani, na kaka huyo alikuwa na mke mmoja tu.

"Umejitolea, mama?" mchungaji akauliza. "Kwenye vile vyumba viwili?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha, nimekosea, tufute. Lakini alimwona mweka hazina, mwanamke asiyemsifu mtu, akitafuta leso. Alimwona mchungaji anavyomwangalia, mtazamo aliousubiri miaka tisa. Akaitikia kwa kichwa. Nyumba ya wifi ikaandikiwa familia iliyofuata.

Wiki iliyofuata ilikuwa adhabu ya aina yake. Wifi alikuja Jumamosi ileile, akapiga magoti mlangoni kabla hajakatazwa, akasema hakujua kama kuna mtu anayeweza kukubali kubanana kwenye vyumba viwili ili tu akae na mwenzake. Alidhani kweli kwamba amependwa! Mume naye, aliposikia, alikaa kitandani muda mrefu bila kuvua buti. Akasema samahani kwa habari ya rafu, aliogopa kumwambia kwa kuwa alimwona ana kinyongo na dada yake, kumbe alimdhania vibaya. Usiku huo alimshika mkono kama zamani za uchumba wao. Mama Cherehani akalala macho wazi, mkono umeshikwa, anatamani auchomoe.

Vitambaa vikaanza kuhamishwa chini ya meza kupisha godoro. Watoto wa wifi, wawili wa kike na mdogo wa kiume, wakaleta mizigo yao midogo midogo kila jioni, mfuko wa madaftari leo, sufuria kesho, na kila wakifika wanamuuliza mke wa mjomba waweke wapi. Aliwaonyesha. Hakuwa na uso wa kuwatazama.

Ikafika Jumapili ya kusoma majina kumi na nane. Kabla ya kuyasoma, mchungaji alisema anataka kanisa limwone mtu. Akaeleza yote, jinsi katibu wetu alivyokwenda kukagua stoo, akaona shida, na badala ya kuomba nyumba kwa ajili ya jamaa yake akaandika kwa mkono wake kwamba yeye atawabeba. Akasema sisi tunaidai serikali ijenge, na ni haki, lakini huyu mama ameanza na mlango wake. Akamwomba asimame.

Akasimama. Makofi yakaja. Na tusidanganyane, yalikuwa matamu. Yalimwingia mwilini kama maji kwa mtu mwenye kiu, akayanywa, akataka mengine. Ndipo akamwona wifi. Wifi alikuwa amesimama wima, mikono juu ya kichwa, anapiga makofi kuliko mtu yeyote mle ndani, anacheka na kulia pamoja. Mikono yake haikuwa mizito. Mama Cherehani alikumbuka alivyompigia yeye, Jumapili ileile ya shukrani, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake.

"Niliandika uongo," akasema.

Waliokuwa karibu ndio waliosikia. Wakaacha kupiga. Akarudia kwa sauti ya katibu. Akasema yeye na mumewe hawana uwezo wa kumpokea mtu, kila mjumbe anavijua vyumba vyao. Akasema aliandika kwa wivu, alitaka wifi yake acheleweshwe, alidhani karatasi zitapishana.

Hapo Mzee wa Posta akajiinua polepole, kofia mkononi. Akasema na yeye ana la kutubu. Macho yake yana ukungu, kwenye vyumba vya giza haoni kitu, na mwaka wa pili huu hufika nyumbani, hukaa dirishani na kioo chake cha kukuzia maandishi, hufunua karatasi ya katibu na kuinakili, kwa kuwa katibu ana jicho la haki. Watu wawili watatu walicheka kwa mshtuko kisha wakajuta. Kumbe ndiyo maana karatasi zao zilikubaliana kila mara, na Mama Cherehani kila mara aliona ni uthibitisho wa busara yake.

Mchungaji aliikunja orodha bila kuisoma. Akasema karatasi zote za wawili hao zimefutwa, kuanzia kesho wengine watakwenda upya, stoo ya seremala iwe ya kwanza, na hatasoma majina mpaka hapo. Hakumlaani. Alimwomba tu daftari la kamati, naye akampelekea pale mbele, hatua kumi na mbili.

Nje, watu walimpisha njia pana. Mumewe alisimama kando, pamoja na mafundi wenzake, mgongo umemgeukia. Wifi ndiye aliyemfuata. Macho yalikuwa makavu sasa. Alitoa shikamoo, kwa kuwa mkubwa ni mkubwa, kisha akasema maneno aliyoonekana ameshayapanga.

"Nyumba siililii, wifi. Ikija imekuja. Lakini wiki nzima nimewaambia watoto kwamba kuna watu wanaotutaka. Mimi siwezi kuwaambia vingine. Nenda kawaambie wewe."

Mama Cherehani akaenda kwenye chumba cha watoto, nyuma ya kanisa, ambako hawakuwa wamesikia lolote. Wale watatu walikuwa kwenye benchi la mwisho, viatu vyao vya shule ndivyo vya kanisani. Walipomwona wakasogeleana haraka kumpa nafasi, mdogo akampanda magotini. Akakaa. Akawaambia, kwa maneno mepesi aliyoyaweza, kwamba hawatahamia kwake, kwamba alisema uongo juu ya mama yao kwa sababu ya wivu, na kwamba huenda sasa wakapata nyumba yao wenyewe, mpya, karibu tu na hapa.

Binti mkubwa, mwenye miaka kumi, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alikunja uso tu, kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka.

"Wivu si ni kutaka kitu cha mwenzio?" akauliza.

Mama Cherehani akasema ndiyo.

"Sasa wewe ulitaka kitu gani chetu?"

Akafungua mdomo. Yote yalikuwepo, miaka tisa, makofi, madiwani, rafu, hata zile sentensi tatu zilizomshinda yeye na daftari lake. Alimtazama mtoto na viatu vyake, akajaribu kuchagua kimoja cha kumtajia. Mtoto alingoja, kichwa amekiinamisha upande, amekaa nusu benchi nusu amesimama, na ilikuwa wazi kwamba kama kingetajwa chochote kile, angekwenda kumletea.